Pipeti ya mikrolita 100 hadi 1000: inamfaa mwanafunzi wa maabara Dodoma?

Inafaa, ila kifaa hiki cha kuvuta na kupima vimiminika hakitaki papara. Kitufe kina vituo viwili: bonyeza hadi cha kwanza, zamisha ncha ya plastiki ndani ya kimiminika milimita 3 hivi, achia taratibu. Wengi huvuta wakiwa wameshafika cha pili, ujazo ukazidi. Kwa ukavu wa Dodoma, kiangazi hasa, lowesha ncha mpya kwa kuvuta na kutoa kimiminika mara tatu kabla ya kupima. La sivyo maji hugeuka mvuke ndani ya pipeti na kipimo hupungua. Ihakiki kwa mizani: mikrolita 1000 za maji zikaribie gramu 1. Kinachoudhi ni kirekebishi chake cha ujazo, kilegevu mno. Kidole kikikigusa tu, namba zimehama. Wala usiilaze ikiwa na kimiminika, kitapanda hadi kwenye pistoni.