Kidude cha OBD2 cha bluetooth, na pikapu iliyokuwa inamisi mwendo mdogo

Nakipa nyota 4 kati ya 5 hiki kidude, vile vidogo vya bluetooth unachomeka kwenye soketi ya OBD2 (tundu la kusomea kompyuta ya gari) chini ya dashibodi halafu unasoma kwenye simu. Wengi wanakinunua ili wasome kodi (namba za hitilafu) na kuzima taa ya cheki injini, basi wamemaliza, wakati kazi yake ya maana iko kwingine kabisa.

Pikapu yangu ni ya petroli, silinda 4, ina sensa ya MAF, ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini. Ugonjwa wake ulikuwa hivi: ukiiwasha ya baridi iko poa tu, ikishapata moto ukasimama sailensi (injini inaunguruma bila kukanyaga mafuta) haitulii, mshale wa RPM (mizunguko ya injini) unapanda unashuka, usukani unatetemeka mpaka funguo zinagongana. Ukiwa namba moja au mbili kwenye foleni inashtukashtuka, ukikanyaga mafuta kidogo inasita kwanza ndo inaitika, ila ukishachanganya gia ukafika spidi 60, 80, inakwenda safi huwezi amini ni gari ileile.

Na kila unayemuuliza anakwambia plagi. Mwingine koili, mwingine pampu, mwingine kaoshe noseli. Wote wanaweza kuwa sahihi, ndo shida yenyewe hiyo, misi, yaani silinda kushindwa kuwaka vizuri, ina sababu kibao na kila mtu anataja ile iliyomtokea yeye. Ukifuata zote unabadilisha nusu injini na gari bado inatetemeka.

Kidude kikatoa kodi 2, P0300 na P0171. Ya kwanza ni misi inayorukaruka silinda tofauti, ya pili inasema mchanganyiko ni mwepesi, hewa nyingi mafuta kidogo. Usifute kodi hapo jamani! Ukifuta unapoteza na ile rekodi inayoitwa frizi fremu, inayoonyesha injini ilikuwa kwenye hali gani kodi ilipojiandika. Yangu ilionyesha injini ya moto, RPM chini, gari karibu imesimama, kwa hiyo ugonjwa wa mwendo mdogo uliandikwa mle mle kwenye kompyuta.

Sasa utamu wenyewe ni data za moja kwa moja, tafuta trimu ya mafuta. Ile namba inakuonyesha kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta kwa asilimia ngapi ili mchanganyiko ukae sawa, gari nzima huwa inacheza karibu na 0, ikiwa ndani ya 10 juu au chini sio mbaya. Yangu ikiwa sailensi trimu ya muda mrefu (ile kompyuta imeshaizoea) ilikuwa +21. Nikashikilia mafuta RPM 2500, ikaanza kushuka taratibu mpaka +4. Hapo ndo nikajua plagi hazihusiki wala pampu haihusiki, kuna hewa inaingia kinyemela baada ya MAF.

Sababu yake iko hivi. Ikiwa sailensi throto (mlango wa hewa) imefungwa karibu yote, injini inavuta hewa kidogo sana na mvuto ndani ya manifodi (mabomba ya kugawa hewa kwa silinda) ni mkali, kwa hiyo ufa mdogo tu unaingiza hewa ambayo ni sehemu kubwa ya hewa yote na MAF haijaihesabu. Ukipandisha RPM injini inameza hewa nyingi, ule ufa unakuwa si kitu tena. Ingekuwa kinyume, sailensi iko sawa halafu trimu inapanda ukiibana gari mlimani, hapo ningeenda kwenye filta na pampu ya mafuta. Na kama trimu ziko sawa ila misi imeng'ang'ania silinda moja, tuseme P0302 (misi ya silinda namba 2), hamisha koili ya namba 2 uipeleke namba 3, misi ikihama nayo umeshampata mwizi.

Nikachukua kipande cha mpira, upande mmoja sikioni mwingine nazungusha kwenye hozi na gasketi za manifodi injini ikiwa inaunguruma (angalia feni na mikanda), nikasikia ssss chini ya hozi ya PCV (inayorudisha mvuke wa injini kwenye manifodi). Kwa juu ilikuwa nzima inang'aa. Nikazima, nikaigeuza, pale inapopinda raba imekauka kwa joto, ukiibonyeza ufa unafunguka wazi ukiiachia unajifunga, ndo maana kwa macho huoni kitu. Wapo wanaopuliza spirei ya kusafishia kabureta kutafuta uvujaji, inafanya kazi ila ile kitu inashika moto na ekzozi iko hapo hapo, mimi siipendi.

Hozi mpya, sailensi imetulia, namba moja inaondoka laini. Msishtuke mkiona trimu ya muda mfupi (ya papo hapo) inazama kwenye hasi mara tu baada ya kutengeneza, kompyuta bado inaongeza mafuta kwa mazoea ya zamani, endesha tu itajirekebisha.

Nyota moja nimeikata kwa haya: data zinakuja kwa kusuasua ukifungua vipimo vingi pamoja, kwa hiyo fungua 2 au 3 tu. Ukikiacha kimechomekwa gari limelala kinaweza kunyonya betri. ABS na eabegi changu hakisomi. Wenye iPhone chukueni cha wifi au cha bluetooth LE, zile bluetooth za kawaida haziongei nayo. Na gari za zamani zisizo na OBD2 msijisumbue, Marekani ilikuwa lazima kuanzia modeli za 1996, Ulaya kwa petroli 2001, kwingine inategemea gari ilitengenezwa kwa soko gani. Mwenye dizeli pia asitegemee trimu hizi, kwake hakitamsaidia hivi.