Unajenga Tabora? Nimekupangia matofali, bora hadi la mwisho

Wengi wanaoanza msingi hapa Tabora huniuliza, "Tofali bei gani?" Swali hilo ndilo linalowatia hasara. Uliza mita moja ya mraba ya ukuta uliokwisha, pamoja na lipu yake, itakula saruji kiasi gani, kuni kiasi gani na mchanga kiasi gani. Mpangilio wangu nimeupima hivyo.

Kabla ya hapo, tuondoe uongo mmoja. Wapo wauzaji wanaosema matofali yao "yana cheti cha jengo la kijani". Cheti hicho, cha jengo lisiloumiza mazingira, hupewa jengo zima, hakipewi tofali. EDGE, mfumo wa vyeti wa IFC, shirika lililo chini ya Kundi la Benki ya Dunia, hudai jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 kwenye nishati au kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vyake, likilinganishwa na jengo la kawaida la eneo hilo. LEED ya Marekani nayo hupima jengo. Toleo lake la tano, lililotoka Aprili 2025, linalazimisha mradi mpya kuhesabu kaboni iliyotokana na kutengeneza vifaa vikuu vya jengo. Wewe mwenye vyumba vitatu pale Ipuli huna haja ya kulipia cheti. Ila programu ya EDGE kwenye intaneti ni ya bure: ingiza vipimo vya nyumba yako, badilisha aina ya ukuta, uone namba zinavyopanda na kushuka.

Namba moja ni matofali ya udongo na saruji ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Lile la kawaida lina urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100, kwa hiyo mita ya mraba hula matofali 33. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa 60 hadi 70, yaani nusu mfuko hivi, kama kilo 25, kwa mita. Hapo mtu wa bloku, yale matofali ya saruji na mchanga, atakucheka, maana bloku za inchi 6 ni kama 10 kwa mita, na mfuko ukitoa bloku 25 umetumia kilo 20 tu. Mwambie aongeze mota ya kuungia na lipu ya ndani na nje. Atapita kilo 30. Ya kufungamana hayahitaji mota isipokuwa kozi (mstari) ya kwanza na sehemu chache, na ukuta wake ni msafi kiasi cha kuachwa wazi. Kwa hiyo ukinunua haya kisha ukaupiga ukuta lipu pande zote, umetupa faida yote uliyoilipia.

Ubora wake uko kwenye udongo. Jaza chupa udongo hadi nusu, ongeza maji, tikisa, iache usiku kucha. Mchanga hutua chini, mfinyanzi juu. Unataka mchanga uwe mwingi na mfinyanzi uwe wa kushikisha tu. Udongo mweusi wa mbuga ukatae kabisa, kwa sababu huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Wa kichuguu una mfinyanzi mwingi, lakini ukichanganywa na mchanga wetu unafaa sana, na vichuguu hapa havijawahi kuadimika.

Mimi niliumizwa na kitu kingine, umwagiliaji. Nilinunua matofali yaliyoanikwa juani siku tatu yakapakiwa. Yalionekana mazuri, lakini mvua za kwanza zilipopiga, kona zikaanza kumomonyoka na ukuta wa magharibi nikaubomoa. Tofali la saruji linatakiwa kufunikwa na kumwagiliwa siku 7 kwa uchache, 14 ni bora zaidi, na lifikishe siku 28 ndipo libebe ukuta. Nenda yanakofyatuliwa, uone turubai na pipa la maji kwa macho yako. Chukua tofali moja, lilaze ndani ya ndoo hadi kesho yake. Likitoa tope, ondoka.

Namba mbili ni tofali mbichi la udongo, na najua wengi watashangaa. Halina saruji wala moto, na ukuta mnene wa udongo huchelewesha joto la mchana la Septemba na Oktoba. Tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, lilikuwa na kuta nene za udongo. Masharti yake ni magumu: msingi wa mawe au zege ulioinuka, paa lililotokeza nje vya kutosha, na kinga ya mchwa kabla ya kulaza kozi ya kwanza. Ukishindwa hata moja, usilichague.

Namba tatu ni bloku. Ubaya wake ni saruji, ambayo hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa kwenye joto la karibu nyuzi 1,450. Ubaya mwingine ni mfyatuaji anayetoa bloku 40 na zaidi kwenye mfuko mmoja. Liangushe moja kutoka usawa wa kiuno. Likisambaratika, umeshapata jibu.

Mwisho kabisa ni tofali la kuchoma kwa kuni. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa nyumba niliyozaliwa ni ya matofali hayo. Lakini tanuri hula miti ya miombo iliyokwisha kuelemewa na mkaa na ukaushaji wa tumbaku. Tena mengi huwa hayajaiva pembezoni mwa tanuri na yameungua jirani na moto, hivyo ukuta haunyooki bila mota nene. Ukipata yaliyochomwa kwa pumba za mpunga, na Igunga na Nzega mpunga upo, yapandishe hadi namba tatu.

Mbao za kenchi zidai risiti na alama ya nyundo ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mabati chagua ya rangi isiyokolea.

Agiza matofali Mei, mvua zikishakata, uanze kuyamwagilia mapema. Ukichelewa hadi Septemba, Novemba itakukuta na ukuta usioezekwa.