Roboti la kufagia lenye kamera: vigae linaweza, stara hapana

Haya wakuu, mlioniuliza kuhusu lile roboti la kufagia na kupiga deki nililoagiza Kariakoo, jibu ndo hili. Limenitoa laki saba na ushee, lipo hapa nyumbani Ujiji, jina la kampuni silitaji maana haya madude yanafanana tu.

Kwenye vigae linajua kazi. Juu lina ka leza kanakozunguka, kanapima umbali wa kuta linachora ramani ya nyumba kwenye apu, chaji ikikaribia kuisha linarudi lenyewe kwenye chaja. Ila kizingiti kirefu halipandi, nyuzi za mkeka zinajisokota kwenye brashi mpaka utafute mkasi, na kwenye zulia jeusi linagoma kabisa, vile vimacho vya chini vya kulizuia lisidondoke ngazini vikiona weusi vinadhani shimo. Halafu kuna siku mawese yalimwagika jikoni hakuna aliyeona, likapita hapo hapo likayasambaza korido nzima mpaka sebuleni, mstari mwekundu umenyooka utasema umepigwa na rula. Na kamera si linayo jamani, lilikuwa linaangalia nini?

Hiyo kamera ndo imenikera. Wauzaji wanasema ni ya kukwepa viatu na nyaya, sawa, lakini nyumba za huku mwanamke akiingia ndani anavua mtandio anajifunga khanga yake anakaa kwa raha, sasa hiki kidude kinapita pita na jicho lake. Aliyebonyeza "nakubali" kwenye simu ni mimi, mama hakubonyeza, dada wa kazi hakubonyeza, wala shangazi akija kutoka Kasulu. Na hizi sio stori za kijiweni, mwaka 2022 jarida la MIT Technology Review la Marekani waliandika kuhusu picha zilizopigwa 2020 na maroboti ya kufagia ya Roomba ya majaribio, mojawapo mwanamke yuko chooni, zikaishia kwenye magrupu ya Facebook, waliozirusha ni vibarua wa Venezuela waliokuwa wanalipwa kuzichambua ili roboti lijifunze kutambua vitu. Kampuni iliyoyatengeneza ikajitetea kuwa ni majaribio na watu walisaini. Walisaini na ya chooni?

Sio kwamba napinga maroboti. Rwanda hapo jirani 2020 waliyaweka kwenye vituo vya korona yapime joto na kupeleka vitu ili manesi wasikae karibu na wagonjwa muda wote, na hospitali yetu ya Maweni hapa Kigoma wakipata hata mawili ya kupeleka dawa wodini usiku mimi nitashangilia. Ila hospitali angalau kuna ofisi ya kwenda kuuliza. Mimi nimemuuliza muuzaji picha zinaenda wapi, kanijibu "we apdeti apu tu bosi".

Kwa sasa kamera nimeibandika plasta. Apu inalalamika kila siku eti kamera imeziba, roboti linagonga viatu, ila linafagia. Mkinunua chukueni la leza tupu lisilo na kamera wala maiki, na bei yake iko chini. Dada alidhani ndo namfukuza, nimemwambia atulie, mkeka na jiko bado vyake. Nyota tatu.