Mishkaki mizuri, mlango wenye macho ya upande mmoja

Baa hii, ambayo siitaji jina kwa kuwa nina lawama nayo, iko Sinza, hatua chache kutoka Barabara ya Shekilango, na kwa upande wa jiko sina neno. Mishkaki huchomwa juu ya mkaa mbele ya mteja, nyama ikiwa imekwisha kulainika kwa tangawizi na ndimu, na mchomaji hana papara ya kuigeuza. Kachumbari hukatwa papo hapo, na pilipili yao ya mbuzi haitaki utani.

Tatizo liko mlangoni. Nilifika Ijumaa saa tatu usiku pamoja na mpwa wangu wa miaka 22, mwanafunzi wa chuo mwenye rasta fupi. Mlinzi aliniamkia, "Shikamoo mzee, karibu ndani," nikapita na mkoba wangu bila kuguswa. Mpwa wangu alisimamishwa, akapitishwa kifaa cha kukagua chuma kuanzia shingoni hadi viatuni, akavuliwa kofia, kisha akaulizwa anaishi wapi. Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na kisu cha kukatia nyama nilichonunua Kariakoo mchana ule, kingali katika karatasi yake. Nilirudi nikamwonyesha mlinzi, naye akacheka: "Mzee, wewe si Panya Road," akimaanisha magenge ya vijana waporaji.

Simlaumu kwa kuogopa. Sisi wa Dar es Salaam tunakumbuka Januari 2015, uvumi tu kwamba Panya Road wanakuja ulivyotosha kuwafanya watu wafunge maduka na kukimbia ovyo, na Septemba 2022 uvamizi wa nyumba huko Kawe, uliogharimu maisha, ukaifufua hofu ile. Hata hivyo, vijana wale waliingia mitaani na majumbani kwa mapanga. Hawakupanga foleni mlangoni pa baa wakisubiri kukaguliwa.

Meneja, niliyemkuta kaunta, alinijibu kwa adabu kwamba wateja wa makamo ndio wanaodai vijana wapekuliwe, la sivyo watahamia kwingine. Huenda ni kweli, ingawa kufikia saa tano zaidi ya nusu ya meza zilikuwa za vijana hao hao, wakila na kulipa. Wakati huohuo njia ya kwenda chooni haikuwa na taa hata moja, na dada wa meza ya jirani alimwomba mhudumu amsindikize kwa tochi ya simu. Nyuma, kwenye maegesho, sikuona mlinzi yeyote, kwa sababu wote wawili walikuwa mbele wakishughulika na kofia za watu.

Chakula nakipa alama za juu, ulinzi naupa za chini kabisa. Wiki iliyofuata nilimwalika tena mpwa wangu. "Mjomba," alisema, "mishkaki naitaka, ila niletee nyumbani."