Trei za miche na tofali la kokopiti kwa masika ya Tanga: nunua, lakini osha chumvi kwanza

Machi, kaskazi ikichoka na mawingu ya masika yakianza kujipanga, ndipo miche ya nyanya, biringanya, nyanya chungu na pilipili inatakiwa iwe tayari kitaluni. Kwa bustani ya uani, trei ya plastiki ya mashimo 66 pamoja na tofali dogo la kokopiti (vumbi la makumbi ya nazi lililoshindiliwa) la gramu 650 ni bora kuliko viriba vya udongo. Udongo wa uani ambao umeshalimwa nyanya mara nyingi huwa na mnyauko bakteria na minyoo fundo (minyoo midogo inayovimbisha mizizi), na mche ukiambukizwa ungali kitaluni hakuna dawa itakayouponya. Kokopiti haina shida hiyo.

Trei ya mashimo 200 iache. Imetengenezwa kwa mashamba makubwa yenye mtu wa kumwagilia kutwa. Shimo lake ni dogo mno, na kwa jua la Tanga linakauka kabla ya adhuhuri. La 66 linahimili mche hadi wiki ya nne au ya tano bila mizizi kujisokota.

Ukiwa dukani, kunja kidogo kona ya trei. Ukiona mstari mweupe kwenye mkunjo, plastiki ni nyepesi na itapasuka siku utakapoinyanyua ikiwa imelowa. Kisha inua trei uitazame dhidi ya mwanga: baadhi ya mashimo huwa hayakutobolewa vizuri chini, na mche utakaoangukia humo utaoza. Msumari uliopashwa moto unamaliza kazi hiyo.

Sasa kokopiti, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza mbegu. Makumbi yana chumvi yake ya asili, na yakilowekwa maji ya bahari ili yalainike huongezeka nyingine. Tofali la gramu 650 liloweke kwenye ndoo yenye lita 4 za maji. Baada ya nusu saa hivi litafumuka hadi kufikia lita 8 au 9. Litie kwenye kiroba, mwagia maji, kamua, rudia mara tatu, mpaka maji yanayotoka yapauke kutoka rangi ya chai ya rangi. Tumia maji ya bomba au ya mvua. Visima vingi vya karibu na bahari, upande wa Raskazone na Sahare, vina maji ya chumvichumvi. Ukioshea hayo unaondoa chumvi na kuirudisha papo hapo. Dalili za chumvi ni mbegu kuchelewa kuota, ncha za majani kuungua, na ukoko mweupe juu ya shimo.

Changanya sehemu tatu za kokopiti na moja ya mboji iliyoiva, iliyochekechwa. Tofali moja linajaza trei mbili na kubaki kidogo. Usishindilie. Mbegu ya nyanya ifukie nusu sentimita tu. Bamia na mchicha usivipeleke kwenye trei: bamia haipendi mzizi wake mkuu kuguswa, na mchicha unasiwa moja kwa moja tutani.

Trei iweke juu ya matofali au fito ili hewa ipite chini. Mzizi unaochungulia tunduni unakauka ncha na kutoa matawi ndani. Mwagilia asubuhi. Kumwagilia jioni, wakati wa joto na unyevu kama huu, kunaita kinyausi: shina linaoza usawa wa udongo na mche unalala ukiwa bado kijani. Kivuli cha makuti kinatosha hadi mbegu zichomoze, kisha kipunguze siku hiyohiyo, vinginevyo miche itarefuka na kuwa na shingo nyembamba. Mvua za Aprili zikianza kupiga, funika kwa nailoni nyeupe iliyoinuliwa juu ya fito, kwa sababu kokopiti ni nyepesi na matone makubwa yanairusha nje pamoja na mbegu.

Upungufu wa kweli wa kokopiti ni kwamba karibu haina chakula. Mboji inasaidia mwanzoni tu. Jani halisi la kwanza likifunguka, weka mbolea ya NPK 19:19:19, gramu 1 kwa lita moja ya maji, kila baada ya siku tatu au nne. Majani ya chini yakigeuka manjano, umechelewa kulisha. Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza maji na ondoa kivuli chote. Hamisha jioni, sentimita 60 kati ya mche na mche, ukiusukuma kutoka chini ya shimo badala ya kuuvuta kwa shina.

Trei nzuri inatumika misimu kadhaa. Kabla ya kusia tena, isugue, iloweke dakika 10 kwenye maji yenye Jik, sehemu moja kwa tisa, kisha isuuze na uianike kivulini; jua kali ndilo linaloifanya ikatike.