Uzoefu wangu na Lost Mine of Phandelver: mahali na makutano yake yalivyofanya kazi mezani Goma

Sanduku la kuanzia la mchezo wa Dungeons & Dragons, ambalo kampuni ya Wizards of the Coast ililitoa mwaka 2014, lina kijitabu cha kanuni cha kurasa 32, kitabu cha safari cha kurasa 64 kiitwacho Lost Mine of Phandelver, karatasi tano za wahusika walioandaliwa tayari, na dadu sita. Bei yake ya kwanza huko Marekani ilikuwa dola 19.99. Langu lilinifikia kwa njia ya Kigali, na nimelitumia kama msimulizi hapa Goma na kundi la marafiki wa mtaa wa Himbi ambao karibu wote hawakuwa wamewahi kucheza mchezo wa namna hii, ambamo kila mchezaji huigiza mhusika mmoja, msimulizi hueleza mahali na kuwaendesha viumbe wengine wote, na dadu huamua yasiyo na hakika. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, nami nilisimulia kwa Kiswahili. Kuhusu kanuni sitasema mengi, kwa kuwa tangu Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano la mchezo, ambalo sanduku hili ni lake, zinapatikana bure kwa leseni huria, na baadaye zilitolewa pia kwa Kifaransa, jambo linalowafaa sana wasomaji wa kwetu. Ninachotaka kukipima ni mahali panapotembelewa na makutano yanayotokea hapo, maana hayo ndiyo mtu anayoyanunua anaponunua kitabu cha safari. Anayekusudia kucheza, wala si kusimulia, ni afadhali asiendelee kusoma.

Hukumu yangu ni kwamba mahali pa kitabu hiki pana uhai kila panapokaliwa na mtu au kiumbe mwenye jambo analolitaka, na kwamba pale ambapo mwandishi hakuweka haja hiyo, hata jitu la kutisha linageuka kuwa kitu cha kupigwa mpaka kianguke.

Safari inaanza barabarani. Wahusika wanasindikiza gari la ng'ombe lililojaa bidhaa kutoka Neverwinter kwenda mji mdogo wa Phandalin, na njiani wanakuta farasi wawili waliokufa, wamechomwa mishale yenye manyoya meusi, huku goblini wanne, viumbe wadogo wakorofi wa hadithi, wamejificha vichakani. Kwa msomaji wa mbali huo ni mwanzo wa kawaida, lakini katika Kivu Kaskazini kuviziwa barabarani ni jambo ambalo watu wamelipitia au limewapata ndugu zao. Kabla ya dadu ya kwanza kurushwa niliwaeleza wachezaji wote jinsi hadithi inavyoanza na kuwauliza kama wako tayari, na mmoja wao akaomba tuanzie baada ya shambulio, wakati wa kufuata nyayo za goblini kuelekea msituni. Tulifanya hivyo na hadithi haikupoteza kitu. Kitabu hakimshauri msimulizi kuuliza swali hilo, na kwa maoni yangu kingepaswa kufanya hivyo katika ukurasa wake wa kwanza.

Pango la goblini linalofuata ni somo zuri la namna ya kupanga mahali padogo. Kijito kinatoka ndani yake, na walinzi wa ndani wanaweza kubomoa kizuizi cha maji ili mafuriko yawazoe wavamizi. Kwa hiyo ardhi yenyewe inashiriki katika mapambano, na mchezaji anayetazama vizuri anaweza kujua hatari hiyo mapema. Mkubwa wa pango ni Klarg, na msaidizi wake Yeemik anamshikilia mateka aitwaye Sildar Hallwinter kwenye ukingo wa juu, akitishia kumsukuma chini. Yeemik hataki vita, anataka wageni wamuue Klarg ili yeye ashike uongozi. Mazungumzo hayo yalichukua muda mrefu kuliko mapigano yote ya pango, kwa sababu kila mchezaji alikuwa na neno la kumwambia goblini yule, na kila neno lilibadilisha kitu.

Phandalin yenyewe imeandikwa kwa uangalifu. Kuna nyumba ya wageni ya Stonehill ambako habari zinapatikana, kuna mkuu wa mji, Harbin Wester, anayewaogopa majambazi wa Redbrand waliouteka mji wake, na kuna mtoto aitwaye Carp ambaye ameiona njia ya siri ya kuingilia maficho yao. Mtoto huyo ni kitu kidogo sana kwenye ukurasa, lakini mezani alitufanyia kazi kubwa: kundi likajifunza kuwa kumsikiliza mtoto wa jirani kuna faida sawa na kuwa na upanga mzuri. Ndani ya maficho hayo, kando ya ufa mrefu wa ardhini, anaishi kiumbe cha jicho moja kinachosoma siri za watu na kuzungumza ndani ya vichwa vyao. Anayekipa chakula anaweza kupita kwa amani, hata kupewa habari. Nimesoma vitabu vingine vya safari ambavyo vingemweka kiumbe huyo kuwa mlinzi wa mlango tu.

Sasa nifike Thundertree, maana hapo ndipo kitabu hiki kiligusana na mji wetu kwa namna ambayo waandishi wake hawangeweza kuitarajia. Thundertree ni kijiji kilichoangamizwa na mlipuko wa mlima wa volkeno uitwao Hotenow. Nyumba zimebomoka, magugu yameingia ndani, wapo mazombi waliojaa majivu ambao wakipigwa kwa mara ya kwanza hufuka wingu linalowakaba walio karibu, na ndani ya mnara wa kijiji amejikalia joka changa la kijani liitwalo Venomfang. Niliposoma maelezo hayo mbele ya watu waliokulia chini ya Nyiragongo, mlima wa moto ulio karibu na Goma, meza ilibadilika. Maswali yalikuja kwa wingi, na hayakuhusu joka. Moto ulishuka upande gani? Viwanja ni vya nani sasa? Kwa nini hakuna aliyerudi kujenga?

Swali hilo la mwisho lilikuwa la haki kabisa. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo iliingia Goma, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na watu walirudi na kujenga juu ya jiwe lile lile jeusi. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena na kusimama upande wa Buhene, na huko nako watu wanaishi. Kwa mtu wa Goma, kijiji kilichounguzwa na kuachwa tu kinahitaji sababu nzito kuliko mazombi. Kitabu kinautumia mlima kama maelezo ya magofu kisha hakiutaji tena, na hilo ndilo pengo lake kubwa, kwa kuwa mlima wa moto hauondoki baada ya siku moja ya kulipuka.

Nilijaza pengo hilo kwa mambo mawili. La kwanza ni familia moja ya Thundertree inayoishi Phandalin, ambayo bado inatunza hati ya kiwanja chake na inataka kuirudia nyumba ya babu. Kwa ajili yao kundi lilikuwa na sababu ya kwenda pale hata bila tamaa ya hazina. La pili ni mazuku. Kila mtu wa huku anajua kwamba kabonidioksidi inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni hasa usiku na alfajiri kukiwa hakuna upepo, na huua mbuzi, na hata mtu, bila harufu ya kumwonya. Joka la kijani kwa kanuni za mchezo hutema gesi ya sumu. Basi niliamua kwamba pumzi ya Venomfang huzama kwenye mashimo na vyumba vya chini vya magofu na kubaki humo mpaka upepo upite. Wachezaji hawakuhitaji maelezo yoyote. Walipoona ndege waliokufa kwenye bonde dogo karibu na mnara walipanda juu mara moja, wakatembea ukingoni, na wakamvuta joka kuelekea sehemu iliyo wazi kwenye upepo. Mbinu hiyo haimo kitabuni, ilitokana na maarifa yao wenyewe ya maisha, na ndiyo saa bora zaidi niliyoipata katika mchezo huu.

Nakisifu kitabu kwa jambo lingine kuhusu joka hili: linapojeruhiwa kiasi cha nusu ya nguvu zake, linaruka na kwenda zake. Wapo pia waabudu wa majoka waliokuja kutafuta urafiki nalo, na mzee Reidoth anayeijua misitu na kutaka liondolewe. Joka lenye akili ya kukimbia, wafuasi wenye tamaa yao na mzee mwenye haja yake vinatosha kumfanya msimulizi asijue mapema mambo yataishaje.

Kuna sehemu nyingine mbili za aina hiyo. Katika kisima cha Old Owl yupo mchawi Hamun Kost, amezungukwa na mazombi wake, lakini yuko tayari kuafikiana: anataka orki, viumbe wapiganaji wakali, wa kilima cha Wyvern Tor waondolewe, au aletewe jibu la swali lake kutoka kwa mzuka Agatha. Naye Agatha, anayekaa msituni karibu na Conyberry, hujibu swali moja tu kwa anayemjia kwa adabu na zawadi ya kitana cha fedha. Wachezaji wetu waliingia kwake kama wanavyoingia kwa mama mkubwa wa ukoo, wakasalimia, wakangoja waruhusiwe kusema, na mambo yalikwenda vizuri kabisa.

Jedwali la makutano ya njiani, kwa upande mwingine, ni dhaifu. Msimulizi anarusha dadu ya pande 20 mara moja mchana na mara moja usiku, na ikitoka 17 au zaidi anarusha nyingine kujua nani ametokea: mbwa mwitu, goblini, orki na kadhalika. Hupati zaidi ya jina na idadi. Hawa mbwa mwitu wanakwenda wapi? Orki wanamkimbia nani? Nililiacha jedwali hilo haraka na kuandika langu, lenye wachuuzi wanaosukuma chukudu (baiskeli za mbao za kubebea mizigo) za makaa, daraja linalotozwa ushuru na watu wasiojulikana wametumwa na nani, na mkimbizi wa Thundertree anayeuliza kama njia iko wazi.

Pango la Wave Echo, ambalo ndilo mgodi wa jina la kitabu, lina wazo zuri na vyumba vingi mno. Madwafu na magnomu, watu wafupi wa hadithi, walikuwa na mapatano ya kuutumia pamoja na wachawi wa kibinadamu, kisha zaidi ya miaka 500 iliyopita ukavamiwa na kupotea; hata leo mngurumo wa mawimbi unasikika ndani yake kwa vipindi. Lakini vyumba kadhaa vina wafu wanaotembea tu, wasiotaka lolote, na adui mkuu, Nezznar, haonekani hata mara moja kabla ya mwisho. Nashauri msimulizi apunguze vyumba na amfanye Nezznar atume barua au mjumbe mapema.

Kisha lipo suala la mgodi baada ya ushindi. Kitabu kinaurudisha kwa ukoo wa Rockseeker, madwafu waliougundua upya, na wenyeji wa Phandalin hawasemi kitu. Meza ya Kivu haiwezi kukubali mgodi ufunguliwe bila kuuliza nani atachimba, nani atauza, na kijiji kitabaki na nini. Wachezaji walidai mkutano Stonehill, na nilipotafuta wa kuwaalika niliwakuta wote kitabuni tayari: Gundren Rockseeker anayedai urithi, Halia Thornton wa soko la wachimbaji anayetaka mamlaka zaidi, Sildar anayetaka sheria iingie mjini, na Harbin Wester anayetaka asigombane na yeyote. Msimulizi awape wanne hao sauti tangu siku ya kwanza wahusika wanapofika Phandalin, ili siku ya mkutano wachezaji wajue tayari ni nani wa kumwamini.