Transfoma ya wati 1000 niliyonunua baada ya kuhamia Marekani
Jamani mnaotoka Bongo kuja huku, hii transfoma ya kupandisha umeme toka volti 120 hadi 230 inafanya kazi kweli, blenda yangu ya wati 500 niliyobeba toka Dar inasaga nazi fresh kabisa. Ila ni nzito mno alafu inaunguruma, na pasi ya wati 2000 msithubutu kuichomeka humo, yangu ilikata fyuzi siku ya kwanza. Halafu haibadilishi hezi (yaani mara ngapi umeme unajirudia kwa sekunde), kwetu 50 huku 60, kwahiyo feni yangu inazunguka kasi kuliko nyumbani na inapata moto. Chaja za simu na laptopu zilizoandikwa 100-240V hazihitaji transfoma, adapta ya plagi inatosha. Pasi na birika la umeme gaweni kwa ndugu tu.